Inchaji Aliyeandika Alichokiona

Jina lake sitaliandika, na si kwamba namficha. Hata nikiliandika halitakusaidia. Huku kwetu Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa kwake: wa kwanza wa kiume ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wa kike vivyo hivyo. Simama sokoni Bwera siku ya soko uite jina la mzee huyu kwa sauti, wallahi watageuka wanaume thelathini, na wawili watatu watakasirika kwamba umewasumbua bure. Basi nitamwita kama tulivyomwita sote: Inchaji. Hospitali zetu ndivyo zinavyomwita mkuu wa kila idara, na yeye alikuwa mkuu wa maabara katika hospitali moja ndogo iliyo kando ya barabara ya kutoka Bwera kwenda Kasese. Palikuwa na inchaji wa wodi, inchaji wa dawa, inchaji wa chanjo. Lakini ukisema Inchaji tu, bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule wa dirisha la damu.

Miezi michache iliyopita nilipewa barua. Ilinitaka nichukue kiti chake, ambacho tangu astaafu kilikuwa kimekaliwa na watu wa kushikilia kwa muda tu. Wiki tatu nilitembea na barua ile mkobani, sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana. Wenzangu walidhani naringa. Hapana, jamani. Nilikuwa naogopa. Nilipokuwa mwanafunzi wake nilifanya kosa ambalo lingeua mtu, nitalieleza, na tangu siku ile kuna swali lililokaa kifuani mwangu kama mfupa wa samaki: je, mtu aliyefanya vile ana haki ya kukaa pale? Katika wiki hizo tatu nilimfikiria mzee huyu kuliko miaka yote niliyofanya kazi naye. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa halina rangi inayoeleweka. Alitembea upesi akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sindano. Hakumpa mtu mkono. Ukimnyooshea wako alikuonyesha viganja vyake viwili, akacheka kidogo, akapita. Watu walisema ana majivuno. Wengine walisema amelogwa mkono. Kisha Ebola ikasikika ng'ambo ya mpaka, kwa Wakongomani, upande wa Beni, mpakani kukawa na ndoo za maji na sabuni kila hatua kumi, na watu wazima wanasalimiana kwa viwiko kama watoto wanaocheza. Siku hizo Inchaji alikuwa na furaha isiyofaa hata kidogo. Alisimama mlangoni pa maabara akawaambia wauguzi: "Mimi nilianza zamani. Nyinyi ndiyo mumechelewa."

Pale dirishani ndipo watu wengi walipomjua. Lilikuwa dirisha dogo lenye nondo, na nje yake benchi refu ambalo lilikaliwa na dunia nzima: wakulima wa Karusandara, wavuvi wa Katunguru, madereva wa malori, na wafanyabiashara Wakongomani waliovuka mpaka na vitenge vyao. Yeye aliwatolea wote majibu kwa sauti ileile. Namkumbuka mama mmoja Mkongomani, wa Butembo, mtoto mgongoni, uchovu umemjaa usoni. Ilikuwa mara ya pili anaambiwa kwamba malaria haijaonekana.

"Papa," akasema, "unasema mutoto haiko na malaria. Sasa iko na nini?"

"Sijue bado, mama."

"Musawo gani anasema hajue?" Huku kwetu musawo ni mtu yeyote wa hospitali anayetibu.

"Ule mwenye hatakudanganya," akasema Inchaji. "Leta mukojo yake, tuangalie tena."

Yule mama alitukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kifaransa, lakini akaleta mkojo. Ugonjwa ulikuwa humo, kwenye njia ya mkojo, na mtoto alitibiwa akapona. Baadaye yule mama alirudi na kuku aliyefungwa miguu. Inchaji alimkataa kuku, akasema maabara si mahali pa manyoya. Mpishi wa hospitali, aliyekuwa anapita, ndiye aliyemuokoa kuku yule na aibu ya kukataliwa.

Siku nyingine alikuja afande mmoja, kiunoni mkanda unang'aa, macho mekundu ya homa. Alipiga nondo za dirisha kwa funguo.

"Musawo! Leta majibu sasa hivi. Niko na safari."

"Keti, afande."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Lakini hii mududu ya malaria haijui cheo yako. Lazima niitafute taratibu, kioo muzima. Keti."

Benchi zima liliziba midomo kwa mikono. Afande alikaa. Alikaa saa nzima, na aliporudi mwaka uliofuata alikaa mwenyewe bila kuambiwa, tena akamwambia kijana mmoja mwenye haraka anyamaze, mzee yuko kazini.

Kazi yenyewe nani anaijua? Watu wanamjua daktari kwa kile kipimo cha shingoni, wanamjua muuguzi kwa sindano. Mtu wa maabara yuko nyuma ya ukuta. Anachukua tone la damu, anatandaza kwenye kioo, analitia rangi, anasubiri likauke, anaweka chini ya hadubini, kisha anainamisha shingo na kutafuta. Sehemu moja, ya pili, ya hamsini, ya mia. Inchaji hakuruhusu mtu kuishia katikati hata benchi liwe limejaa mpaka barabarani. Na ukimaliza bila kuona kitu, hakukuruhusu kuandika kwamba hakuna. Uliandika kwamba hujaona. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko kuchelewa, kuliko hata kuvunja vyombo. "Andika ulichokiona," alisema, "siyo ile ulitaka, siyo ile daktari anataka." Kulikuwa na daktari kijana aliyependa kuandika ugonjwa kabla majibu hayajarudi. Inchaji alimrudishia karatasi tupu na ujumbe: kama unajua tayari, usitoboe mutoto wa watu. Waligombana mwezi mzima, na mwisho wake daktari yule akawa anakuja mwenyewe dirishani kuuliza. Siku zote naliona hilo kuwa ushindi mkubwa, ingawa hakuna aliyeupigia makofi.

Ukali wote huo, halafu alikuwa anaogopa sindano! Hee, tulicheka. Mtu aliyetoboa nusu ya wilaya, siku ya yeye kuchanjwa alifumba macho, akashika ukingo wa meza, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Muuguzi aliyemchoma alihadithia hospitali nzima kabla ya chakula cha mchana. Na nyumbani kwake, nilipofika mara ya kwanza, nilikuta vitabu juu ya masufuria, masufuria juu ya kitanda, soksi moja dirishani. Mtu ambaye kazini alipanga chupa kwa mstari kama askari wa gwaride! Nilimuuliza. Alisema akili yake ina nafasi ya mahali pamoja tu pa usafi, na ameshapachagua.

Ijumaa alikwenda mashuleni. Hakuna aliyemtuma. Alifunga hadubini ya zamani kwenye blanketi, akaikumbatia nyuma ya bodaboda, akaenda sekondari moja baada ya nyingine, mpaka huko Maliba kwenye miinuko ya Rwenzori, na walimu wakampa kipindi. Kwetu alikuja nilipokuwa kidato cha tatu. Sisi tulifurahi kwa sababu hesabu za siku hiyo zilikufa. Alisimama mbele na lile koti lake, akauliza: "Nani anataka kuwa daktari?" Mikono ikapanda darasa zima. "Nani anataka kuwa muuguzi?" Mikono kadhaa. "Nani anataka kuwa ule mutu daktari mwenyewe anamungojea?" Hakuna mkono hata mmoja. Msichana wa mbele akauliza: "Kwani daktari anamngoja nani?" Inchaji akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akasema: "Njoo uone."

Hakuhubiri. Alichota maji kwenye tangi la shule, akaweka tone moja chini ya kioo, akatupanga mstari. Zamu yangu ilipofika niliona kitu kirefu chenye nywele kikikata mitaa mle ndani, kina shughuli zake, hakina habari na mimi. Nilipiga yowe. Nilitaka kuangalia tena, nikafukuzwa kwenye foleni, nikarudi mwisho nikapanga upya. Kwa wiki nzima hakuna mwanafunzi aliyekunywa maji yale, na mwalimu mkuu alikasirika akasema mtu yule asirudi tena. Lakini tangi lilisafishwa. Ninavyosikia, kila shule aliyokwenda ilisafisha tangi baada yake, na kila mwalimu mkuu alikasirika.

Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba nimepata kazi ya kufanya maishani. Baba yangu ni Haji, alikuwa na malori mawili ya Fuso yaliyobeba mizigo kutoka Kasese kwenda mpakani, na duka la vipuri. Alinisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Nimekusomesha," akasema, "ili ushinde na mavi ya watu kwenye kikopo?"

Nililia siku mbili. Siku ya tatu Inchaji alikuja nyumbani. Sijui nani alimwambia. Huku kwetu habari haihitaji miguu. Alikunywa chai, akasifia maandazi ya mama, akauliza habari za barabara, kisha akasema: "Haji, Fuso yako ikizima pale njia ya Katunguru, unabadilisha kila kitu?"

"Nibadilishe kila kitu, mimi ni wazimu? Inatafutwa kwanza shida iko wapi."

"Nani anatafuta?"

"Fundi."

"Na fundi akikudanganya?"

"Huyo nitamfukuza kabla jua halijazama."

"Basi mutoto yako anataka kuwa ule fundi mwenye hadanganyi. Kwa watu."

Baba akamwongezea chai. Hakusema ndiyo siku ile. Alisema tu kwamba mavi ni mavi. Lakini chuo nilikwenda, na nilipomaliza nikarudi kufanya mafunzo ya kazi chini ya Inchaji mwenyewe.

Sasa niseme lile kosa.

Nimesema majina yetu huku ni ya zamu. Masika ni binti wa kwanza. Wahesabu mabinti wa kwanza walioko Bwera! Asubuhi moja, mwezi wangu wa pili, wodi ya wazazi ilikuwa na akina Masika wawili, vitanda vinakaribiana. Na kwa kuwa dunia haitosheki, waume zao wote waliitwa Bwambale. Masika mmoja alikuwa ametoka kujifungua na alikuwa anapoteza damu. Wa pili alikuwa amekuja kupimwa tu. Nilichukua damu ya wote wawili. Palepale kitandani, kabla sijainua mguu, nilitakiwa kumuuliza kila mmoja jina la mama yake na kijiji chake na kuandika kwenye chupa. Inchaji alituimbia hilo kila siku: "Chupa haina sura. Damu yote iko nyekundu." Kuuliza niliuliza, kuandika sikuandika: muuguzi alikuwa ananiita, mtoto mchanga analia, na mimi nilikuwa na uhakika. Nilitia chupa mbili mifukoni, moja kulia, moja kushoto, nikaenda kuandika maabara. Njiani nilisimama kumfungulia mtu mlango, nikahamisha kitu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kitu gani, sikumbuki. Ndiyo hivyo tu. Nikaandika Masika, nikaandika Masika, na majina ya mama zao nikayabandika kinyume.

Masika aliyekuwa anavuja damu alikuwa kundi la O. Karatasi yangu ilisema B. Mfuko wa damu ya B ulitolewa kwenye friji kwa ajili yake. Kama hujui maana yake: mwenye O akipewa damu ya B, mwili wake unapigana nayo, na mara nyingi mtu hufa.

Hakupewa. Inchaji alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sote: kabla mfuko wowote haujatoka, alikwenda yeye mwenyewe kwa mgonjwa, akachukua damu mpya, akaanza kupima upya kana kwamba sisi hatupo. Tulidhani anatudharau. Siku ile alirudi, akapima, akasimama muda mrefu na vile vioo viwili mkononi, chake na changu. Kisha akaurudisha mfuko wa B, akatoa wa O, akaupeleka kwa mkono wake. Masika aliongezewa damu, na kufikia mchana aliomba uji.

Hakuna aliyejua, ila mimi na yeye. Nilidhani yatakwisha hapo. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikiomba Mungu yaishie hapo. Inchaji akaja akasema: "Twende wodini."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia."

"Lakini hakuna kilichotokea, Mzee!"

"Kimetokea. Twende."

Nilisimama kati ya vitanda viwili nikawaambia. Nilisema nimechanganya damu zenu, na wewe ungepewa damu isiyo yako. Masika mwenyewe alinitazama tu, amechoka, mtoto kifuani. Mama mkwe wake ndiye aliyesimama.

"Kwa hiyo ulitaka kutuulia mutu? Mutoto mudogo kama wewe? Nani alikupa sindano?"

"Mimi ndiye nilimupa," akasema Inchaji nyuma yangu. "Nilimupa kabla hajakuwa tayari. Makosa iko mbili, mama, ya kwake na ya kwangu. Mutukane sisi wote."

Na yule mama alitutukana sisi wote, kwa muda mrefu, na Inchaji alisimama akayapokea matusi yote.

Jioni ile nilivua koti, nikaliacha juu ya meza. Sikurudi. Nilikaa dukani kwa baba nikiuza bolti na fani belti, na baba, Mungu ambariki, hakusema "nilikuambia" hata mara moja, jambo ambalo lilinitia uchungu zaidi. Wiki ya tatu Inchaji alikuja dukani. Alitaka bolti ya ile mashine inayozungusha chupa za damu. Ya zamani ilikuwa imelegea. Nilimtafutia. Aliigeuza geuza.

"Unarudi lini?" akauliza.

"Sirudi. Ningeua mtu."

"Ndiyo."

Nilitegemea aseme hapana. Nilikasirika. "Sasa kwa nini unanitaka?"

"Nimefundisha watu wengi," akasema. "Wote walikosea. Wengine nilisikia makosa yao kwa watu wengine. Hao ndiyo naogopa. Wewe ulisema kwa mudomo yako, ukiwa umesimama. Miguu ilitetemeka, lakini ulisimama."

"Wewe ndiye uliyenilazimisha."

"Nilikupeleka mpaka mulango. Mudomo sikukufungulia." Akatia bolti mfukoni. "Kesho kuna vioo vingi."

Nilirudi kesho yake. Lakini kurudi kazini ni jambo moja na kujisamehe ni jingine. Miaka yote iliyofuata nilifanya kazi kwa uangalifu ambao wengine waliita bidii na mimi nilijua ni woga. Ndiyo maana barua ile ilipokuja niliitia mkobani bila kuijibu.

Yeye alistaafu macho yalipoanza kumwacha. Sikujua kwamba presha ya macho inaweza kumla mtu taratibu hivyo, kutoka pembeni kuja katikati. Hakungoja kuondolewa. Siku moja alisoma kioo, akaniita nikisome, majibu yetu yakatofautiana. Tukakisoma tena, yakatofautiana. Akafunika hadubini, akaandika barua ya kuacha kazi kabla ya chai. Alikwenda kwao Maliba kulima kahawa na maharage. Sherehe tuliyomwandalia hakuja; alituma ujumbe kwamba keki tuwape watu wa benchi.

Ndiyo hivyo, Jumamosi moja, siku mbili kabla ya Jumatatu niliyopewa iwe ya mwisho ya kuijibu barua, nilipanda bodaboda mpaka Maliba. Nilitaka kumuuliza swali moja tu: nafaa au sifai? Nilitaka aseme neno moja, kisha niondoke nalo.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole, macho yanatazama mbali. Alinijua kwa hatua. "Mutoto ya Haji," akasema. Nikakaa, nikaletewa chai. Nikaieleza barua. Yeye akaeleza mvua. Nikaieleza tena. Akaniuliza kama ile friji ya damu bado inavuja maji. Nilianza kuudhika, wallahi, nikataka nimwambie kwamba sikuja kwa ajili ya friji. Hapo mkaza mwana wake akatoka ndani amembeba mjukuu, msichana wa mwaka mmoja na nusu, analia kilio cha chini, cha mtoto aliyechoka kulia.

"Homa imerudi, baba," akasema. "Na vidole tena."

"Ni meno," akasema mzee upesi. "Nimewaambia ni meno."

Nilimtazama mtoto. Vidole vya mikono vilikuwa vimevimba kama ndizi ndogo, weupe wa macho una umanjano. Mama yake alisema kwenye kituo cha afya walimpima malaria mara tatu, hawakuona kitu, wakampa dawa ya malaria vilevile. Meno hayavimbishi vidole. Mzee huyu alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa. Nilielewa kwamba kwa huyu mmoja alikuwa anasema alichotaka, na moyo uliniuma kwa ajili yake.

Nikasema: "Mzee, kituo kiko karibu. Niruhusu nimwangalie."

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharage. Kisha akasema: "Twende."

Tulikwenda wote wanne kwa miguu. Binti wa maabara pale kituoni alikuwa mmoja wa wale aliowapata kwenye ziara zake za Ijumaa, akatupisha. Mzee na mkaza mwana wake walikaa nje kwenye benchi. Nilichukua damu kidoleni mwa mtoto, nikaandika palepale, nikatandaza, nikatia rangi, nikangoja, nikainama. Sikuhitaji kutafuta mbali. Zilikuwa kila mahali nilipotazama: seli nyembamba, zimepinda kama mundu. Nilipita kioo chote hata hivyo. Nikaandaa na kioo cha pili, nikapita chote. Kisha nikakaa nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Nani atamwambia? Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilitoka nje. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni.

"Siyo malaria, Mzee," nikaanza.

"Sikuuliza nini haiko. Umeona nini?"

"Sikoseli. Seli zimepinda, nyingi, kwenye vioo vyote viwili. Nitatuma damu maabara kubwa wathibitishe, lakini nilichokiona nimekiona."

"Nilisema ni meno," akasema. "Miezi mitatu nasema ni meno." Kisha: "Imepita kwangu?"

Ningeweza kusema sijui. "Mtoto amepata kwa baba yake na kwa mama yake, Mzee, pande zote mbili. Na baba yake ni mwanao. Inaweza kuwa imepita kwako, au kwa mama watoto. Bila kuwapima siwezi kusema zaidi."

Alilia. Alilia wazi, bila kujificha, mikono juu ya magoti, na mimi nikalia naye kwa kuwa nilimpenda na sikuwa nimewahi kumwambia. Mkaza mwana wake alikuwa amesogea kivulini kumnyonyesha mtoto, hakutusikia. Mzee alijifuta kwa mkono wa shati, akakaa wima, akaita:

"Mama, njoo hapa. Inchaji iko na majibu."

Nilidhani anajitaja mwenyewe, nikangoja aendelee. Ndipo nikaona amenigeuzia uso mimi.

Yule mama akaja akasimama mbele yangu. Nikamwomba akae. Nikamwambia ugonjwa unaitwaje, unakaa wapi, kwa nini vidole vinavimba. Nikamwambia kwamba si kosa lake, na asikubali mtu yeyote amwambie ni upande wake peke yake.

"Atapona?" akauliza.

"Kupona kabisa, siwezi kukuahidi. Lakini kuna dawa, kuna kumkinga na malaria, kuna kumnywesha maji na kuwahi hospitali homa ikianza. Wako wengi waliokua nao, wakasoma, wakazaa. Mlete Jumatatu, nitakuwepo dirishani."

Alinitazama, kisha akamgeukia baba mkwe wake, kama kijiji kizima kilivyozoea kumgeukia mzee huyu kusikia kama jambo ni la kweli. Nami nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Hakuongeza neno.

Yule mama akanirudia mimi. "Una hakika?"

"Nina hakika," nikasema.